UZI: Tulivyojaribu kutengeneza kozi ya chuo pamoja na kiwanda cha minofu Mwanza, na pale tulipokwama

MwalimuNyegezi (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Nafundisha chuo kimoja hapa Mwanza, upande wa Nyegezi. Jina la chuo na la kiwanda tuyaache, maana kote kuwili bado ninakula. Mwaka juzi nilikabidhiwa kazi ambayo kwenye barua iliitwa "kuimarisha ushirikiano na waajiri". Kwa lugha ya kawaida: tafuta mwajiri, kaeni chini, mtengeneze kozi ya elimu ya juu ambayo mtu anaisoma akiwa kazini, na kazi yenyewe ihesabike kuwa masomo. Humu kila wiki kuna uzi wa wahitimu wasiojua kitu na waajiri wanaotaka uzoefu wa miaka mitano kwa kijana aliyemaliza jana. Acha nieleze nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu tatizo halikuwa pale nilipodhani.

Kikao cha kwanza tulikwenda watu wanne, tumevaa suti, na mtaala wa kurasa tisini na kitu umefungwa kwa jalada la plastiki. Niwe mkweli, tulichokifuata ni saini. Ukipeleka mtaala kwenye mamlaka, iwe TCU au NACTVET, unatakiwa uonyeshe wadau walishirikishwa, kwa hiyo mwajiri anageuka kuwa muhuri. Meneja uzalishaji akatuagizia soda, akafungua mtaala katikati, akausoma kimya kama dakika tatu. Kisha akauliza: "Ukurasa upi unamfundisha mtu cha kufanya umeme ukikatika saa nane usiku, jenereta imegoma, na minofu iko kwenye mashine ya kugandisha haijashika?"

Hatukuwa na ukurasa huo. Tulikuwa na moduli ya kanuni za uhifadhi wa chakula, na ndani yake, ukichimba sana, huo umeme ungeupata. Meneja akaturudishia mtaala. Hakusaini. Akasema: "Njooni usiku."

Tukaenda wawili, mimi na mwenzangu wa maabara. Wakatuvisha gambuti, koti jeupe na kofia ya nywele, tukaoshwa mikono kama tunaingia chumba cha upasuaji. Saa tano kasoro gari la barafu likarudi kutoka mialoni na sangara. Mlangoni yuko mzee mmoja anayepokea samaki, elimu yake darasa la saba. Nitamwita Mzee wa Mlango. Anafunua shavu la samaki, anatazama rangi ndani, anabonyeza mgongoni kwa dole gumba, ananusa kidole, anamsukuma kulia au kushoto. Basi. Kila samaki sekunde tatu au nne. Mmoja akamrusha pembeni akasema, "Huyu alilala bila barafu." Mwenzangu akachomeka kipimajoto kwenye nyama: jotoridi ni la kawaida kabisa, kama la wenzake. Mzee akacheka. "Hiyo inakwambia yukoje sasa hivi. Mimi nakwambia jana alikuwaje."

Nikamuuliza anajuaje. Akajibu: "Ukishika utajua."

Wakuu, miezi mitatu iliyofuata tuliitumia kufungua hayo maneno mawili. Rangi ya shavu inabadilika kutoka nini kwenda nini. Alama ya dole gumba inarudi au inabaki shimo. Utelezi ni mwepesi au unavutika kama uji wa muhogo. Jicho limetuna au limezama. Tulipomaliza tulikuwa na moduli ya kwanza, na hakuna hata mstari mmoja wake uliotoka kwenye ule mtaala wa plastiki.

Naendelea chini, ngoja nipate chai.

Dagaa Mkavu

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mwalimu.

Kipusa wa Igoma

Mwalimu samahani, hii si ndiyo fildi tu mmeibadilisha jina? Mimi fildi yangu nilifanya wiki nane kwenye ofisi moja ya umma. Nilitoa fotokopi, nilinunua vitumbua, nikajifunza kufungua mlango kwa bega nikiwa nimebeba chai. Msimamizi wa chuo alikuja siku moja, akasaini logibuku juu ya boneti ya gari, akaondoka. Nilipata A.

MwalimuNyegezi

Dada, hiyo A yako naijua, na mimi nimewahi kuitoa.

Tofauti ni hii. Kwenye fildi, kazi ni mahali unapotembelea. Chuo kimeshapanga kila kitu, mwajiri anaombwa akupe kiti. Kwenye hii nyingine mwanafunzi ni mfanyakazi mwenye mkataba na mshahara, na kinachofundishwa kinaanzia kwenye kazi anayoifanya.

Wenzetu wana majina yake na historia ndefu. Marekani, Herman Schneider alianzisha pale Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906 utaratibu wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana darasa na karakana. Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, walianza 1974 na vyuo walivyoviita Berufsakademie, na mwaka 2009 vikageuzwa kuwa chuo kikuu cha jimbo, kiitwacho DHBW. Pale mwanafunzi anapata kwanza mkataba wa kampuni, ndipo chuo kinampokea; kama miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, mpaka anamaliza, na kampuni inamlipa muda wote, hata akiwa darasani. Uingereza walianza na shahada fupi za miaka miwili (foundation degrees) mwaka 2001, zilizokusudiwa kutungwa pamoja na waajiri, kisha 2015 wakaleta shahada za uanagenzi, ambazo mwanafunzi halipi ada kabisa.

Sisi hatukunakili yoyote kati ya hizo. Kiwanda kisingeweza kumwachia mtu miezi mitatu. Kilikubali saa nne kwa wiki ndani ya shifti, zinazolipwa. Tulizipigania hizo saa nne kuliko kitu kingine chochote. Mfanyakazi akiambiwa asome baada ya shifti, huyo ameambiwa asisome. Sheria ya Ajira ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ongeza daladala kutoka Buhongwa, ongeza watoto. Anayebaki saa mbili usiku ni mtu wa kusinzia juu ya daftari.

Sasa hesabu. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa masomo krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu 360. Mtu wa shifti anafanya zaidi ya saa 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kiwanda kikaanza kusema, "Huyu si ameshamaliza?" Hapana. Ukikata minofu saa 2,000 umekata minofu saa 2,000. Saa inahesabika pale unapofanya kitu kipya, ukakosea au ukapatia, na ukaweza kueleza kwa nini. Baada ya mabishano tulitoka na krediti 48 za kazini kati ya 120 za mwaka wa kwanza. Chuoni waliona ni nyingi mno, kiwandani waliona ni chache, nikaona basi tuko karibu na penyewe.

Rasilimali_Watu

Mimi niko upande wa pili wa meza, afisa rasilimali watu, kiwanda kingine na si cha samaki. Mwalimu unaandika vizuri, lakini ngoja niseme ambayo mameneja hawawaambii mkiwa na suti zenu.

Moja, nikimsomesha, jirani anamchukua. Nimeona kwa macho. Fundi wa boila tulimpeleka kozi Dar, karudi Jumatatu, mwisho wa mwezi yuko geti la pili, tunapungiana mikono asubuhi.

Mbili, tozo ya kuendeleza ufundi stadi tunalipa kila mwezi TRA. Ilikuwa asilimia 6 ya mishahara huko nyuma, ikashushwa hadi kufika 3.5 mwaka 2023, sawa, lakini ni hela. Halafu chuo kinakuja kuniomba tena muda, vifaa, na msimamizi. Hiyo tozo nililipia nini?

MwalimuNyegezi

Kaka, la pili sina jibu la kukuridhisha. Waingereza nao wana tozo tangu Aprili 2017, asilimia 0.5, ila inawagusa wale ambao mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, na hela inaingia kwenye akaunti ambayo mwajiri mwenyewe anaiona na kuitumia kulipia uanagenzi, mpaka ngazi ya shahada. Asipoitumia kwa muda uliowekwa, inapotea. Huo woga wa kuipoteza umewapeleka waajiri mlangoni mwa vyuo vikuu kuliko semina zote. Yako inaingia kwenye kapu kubwa na huioni tena. Ningekuwa wewe ningeuliza swali hilohilo.

La kwanza tulilipata pia. Kiwanda kilitaka mkataba wa kumfunga mtu miaka mitano baada ya kumaliza. Wafanyakazi wakasikia, na katika 17 waliojiandikisha wakabaki 6. Tukarudi mezani: mwaka mmoja baada ya kila mwaka wa masomo, na kila akimaliza hatua mshahara unapanda kwa kiwango kilichoandikwa mapema. Wakarudi 5. Kwa hiyo tuna 11. Kinachowashika ni ile nyongeza ya mshahara. Mkataba upo tu kabatini.

Jiwe la Bismarck

Mimi napinga hoja, na nitapinga kwa heshima.

Chuo kikuu si karakana ya bwana mkubwa. Leo kiwanda cha samaki kinakuandikia moduli, kesho kampuni ya mgodi Geita, keshokutwa mwenye hoteli. Na samaki wenyewe ndio hao, sangara wakipungua viwanda vinafunga milango, mmeshaviona hapa hapa mjini. Huyo kijana mwenye shahada ya kubonyeza sangara ataenda kubonyeza nini? Mnamtengenezea cheti chenye ukubwa wa geti moja.

Na jingine. Mwajiri akitunga mtaala, somo la haki za mfanyakazi litatoka wapi?

Dagaa Mkavu

Hapo jiwe limetua.

MwalimuNyegezi

Mkuu, hii ndiyo hoja iliyoninyima usingizi, kwa hiyo sitaijibu haraka.

Kiwanda kilipotupa orodha ya kinayoyataka, ilikuwa na mambo 31. Tukakaa na kila moja tukauliza: hili lingemsaidia mtu huyu akiwa kwenye kiwanda cha maziwa? Kwenye bohari ya chanjo? Kwenye vizimba vya sato? Jinsi ya kujaza fomu ya kiwanda kile tukaiacha iwe mafunzo ya ndani, wafanye wenyewe, haina krediti. Lakini mwenendo wa baridi, kwa nini minofu igandishwe haraka na siyo polepole, kwa nini nyuzi 18 chini ya sifuri na siyo 10, jinsi ya kusoma grafu ya jotoridi ukagundua mlango uliachwa wazi saa ngapi, hayo yanavuka geti. Baridi haijui kama inahifadhi sangara au chanjo. Yaliyovuka yalikuwa 19.

Tuliomba pia waajiri wengine wawili waje mezani ili mmoja asitutawale. Mmoja alikuja mara mbili akapotea. Mwingine amebaki, ni mfugaji wa vizimba, na yeye ndiye mwenye maswali magumu kuliko wote.

Haki za mfanyakazi: ipo moduli ya usalama na afya mahali pa kazi, na sheria ya kazi imo. Meneja aliinua nyusi. Nikamwambia asipoikubali, mamlaka haitaipitisha. Sikuwa na uhakika sana wakati nasema, lakini alishusha nyusi.

Nahodha Mstaafu

Mnabishana kitu ambacho watu wa meli tulishakimaliza siku nyingi. Kijana wa unahodha haruki kutoka darasani hadi kwenye daraja la meli. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, wa 1978 unataka muda wa baharini, usiopungua miezi 12 kwa aliye kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ambacho ofisa wa melini anasaini kazi moja moja. Huna kitabu hicho? Basi ni miezi 36. Umeona hapo? Mafunzo yaliyopangwa vizuri yanakuokolea miaka miwili. Kinachothaminiwa ni kujifunza kwa mpango, na siyo kukaa tu ndani ya meli.

Mkataba huo ni wa baharini, ziwa letu lina kanuni zake chini ya TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, lakini sisi wa Nyanza tunajua gharama ya kutojua. Tarehe 21 Mei 1996 mimi nilikuwa Mwanza Kusini. Siku MV Bukoba ilipozama. Sitaki kuandika zaidi.

Angalieni na Bugando pale kilimani. Daktari akimaliza chuo anakaa mwaka mzima wa intani chini ya wakubwa. Hakuna anayesema hospitali imeteka chuo kikuu.

MwalimuNyegezi

Nahodha, shikamoo. Hicho kitabu chenu tulikiomba tukakiona. Tumekiiga bila aibu: kila kazi ina mstari wake, nani alishuhudia, lini, katika hali gani. "Amepokea samaki usiku umeme ukiwa umekatika" una mstari wake. Meneja aliuona akacheka peke yake.

Mzee wa Mwigobero

Vijana, mnaongea kama hili lilianzia Ujerumani. Liliwahi kuanzia hapa hapa ziwani.

Novemba 1974, TANU ilikaa Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Likafuta kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza jeshi la kujenga taifa, kisha ufanye kazi, halafu mwajiri wako na tawi la chama waandike kwamba unafaa. Mimi nilikuwa kijana wa kidato. Nilifanya kazi ghala la pamba miaka miwili na nusu kabla sijaingia Mlimani. Nilipofika darasani nilikuwa najua mkulima anavyopunjwa kwenye mizani, profesa akawa ananiuliza mimi.

Lakini niseme na ubaya wake. Barua ya mwajiri ilimpa mwajiri fimbo. Ukimuudhi, husomi. Wasichana idadi yao ilishuka, wakiingia kazini wanaolewa, mpaka ikabidi waondolewe kwenye sharti hilo. Waliobaki walikuja chuo wakiwa wamezeeka kwa hesabu, wamesahau logarithimu. Azimio lilitaka kazi *kabla* ya chuo. Ninyi mnataka kazi *ndani* ya chuo. Ni bora. Ila hiyo fimbo ya mwajiri mmeiweka wapi?

MwalimuNyegezi

Mzee, marahaba yako nimeipokea kabla sijasalimia. Shikamoo.

Fimbo tumeivunja nusu. Msimamizi wa kiwandani anashuhudia kwamba kazi imefanyika na ilivyofanyika. Alama inatolewa na chuo. Mwanafunzi akigombana na bosi, ushahidi wake uliokwishaandikwa haufutiki. Ila akifukuzwa kazi, moduli za kazini zinasimama palepale. Hilo hatujalitatua. Tumeandika kwamba chuo kitamtafutia mwajiri mwingine ndani ya siku 90. Kuandika ni rahisi.

Kipusa wa Igoma

Mwalimu, na lugha? Mzee wa Mlango alijaza hicho kitabu kwa Kiingereza?

MwalimuNyegezi

Dada umegusa kidonda.

Fomu ya kwanza tuliyowapelekea wasimamizi ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya chuo. Zilirudi zote zimejazwa "Good". Fomu arobaini, "Good" arobaini. Tukaileta kwa Kiswahili: "Vizuri". Mzee wa Mlango ya kwake aliirudisha tupu, imekunjwa mara nne mfukoni, ina harufu ya samaki. Nikamfuata kando ya tangi la barafu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi kalamu inanionea."

Nikatoa simu, nikawasha kinasa sauti, nikamwomba anieleze yule binti wa shifti B alivyopokea samaki usiku uliopita. Aliongea dakika kumi na moja. Kwamba anashika vizuri lakini anaogopa kukataa samaki wa wakala mkubwa. Kwamba samaki wa saba alimpitisha akijua hafai, akamtazama yeye mzee usoni, na yeye akanyamaza ili aone kama atarudi kumtoa. Kwamba alirudi. Hayo yote tungeyasoma kama "Vizuri".

Sasa ushahidi wa kazini ni sauti, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, na mhadhiri anauandika. Kamati ya chuo iliuliza kama mtahini wa nje ataelewa. Nilijibu kwamba mtahini wa nje anatoka Morogoro. Mwanafunzi anatetea kazi yake kwa Kiswahili, kisha anaandika ripoti moja kwa Kiingereza, kwa sababu mnunuzi wa minofu yuko Ulaya na barua pepe zake haziji kwa Kiswahili. Na hapo kiwanda kilikuwa na hoja: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu za kuvulia, waliokuwa wanaweza kusoma zile nyaraka na kuzijibu walikuwa wa kuhesabu.

Rasilimali_Watu

Hii ya kinasa sauti naiiba.

Swali la mwisho: imeidhinishwa?

MwalimuNyegezi

Bado. Kwa sasa tunaiendesha kama kozi fupi, krediti tunazitunza tukisubiri. Nilipoanza nilidhani nitamaliza kwa muhula mmoja. Mitaala mingi nchini sasa inapitiwa upya, na mradi wa elimu ya juu wa HEET wa dola milioni 425 umesukuma vyuo vya umma kuunda kamati za ushauri zenye waajiri ndani, kwa hiyo hewa inaturuhusu. Ila foleni ni foleni.

Kuna jambo limetokea Ijumaa, ndilo lililonifanya niandike. Nimemaliza kurekodi, nafunga simu, Mzee wa Mlango akanishika mkono. Akasema: "Hawa watoto nawafundisha mimi. Wakimaliza watapata karatasi, watakuwa mabosi wangu. Mimi je?"

VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi alioupata mtu nje ya mfumo rasmi, anapimwa anachojua na kupewa cheti, lakini hicho ni cheti cha ufundi stadi. Yeye haulizi hicho. Anauliza kama anaweza kuingia kwenye kozi ambayo yeye ndiye kitabu chake cha kiada. Sifa za kuingia zinasema kidato cha nne. Niliziandika mwenyewe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nina miadi na msajili. Kama kuna mtu humu aliyewahi kumpitisha mtu wa darasa la saba kwa njia ya kutambua ujuzi wake mpaka ngazi ya chuo, aniandikie PM kabla ya hapo.

Nahodha Mstaafu

Angalia PM.